Kruzi ni ghali, lakini mama aende

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita nilisema kruzi ni hela ya kutupa baharini. Meseji zenu nimezisoma zote, na dada yangu alinipigia simu kabisa kunisuta. Sifuti nilichosema. Ila nilisema nusu tu, na nusu nyingine inamhusu mama yetu.

Kwanza hesabu. Miaka miwili iliyopita mimi na mume wangu tulipanda meli Barcelona, usiku saba, Mediterania. Bei ya tangazo ilikuwa pauni 699 kwa kila mtu, yaani 1,398 kwa wawili, chakula ndani. Nani atakataa? Halafu vikaanza kuchomoza vidogo vidogo. Bakshishi ya wahudumu, ambayo meli inakata yenyewe kila siku: 182. Intaneti: 90. Ndege kwenda na kurudi: 240. Hoteli usiku mmoja kabla ya kupanda, maana ndege yako ikichelewa meli haikungoji: 110. Basi la kwenda Roma 130, la kwenda Florence 120. Jumla 2,270, na hapo sisi pombe hatunywi.

(Kabla hujafikiria kuokoa hela kwa kwenda kaunta kufuta ile bakshishi: usifanye hivyo, jamani. Wale vijana wanaotandika vitanda wapo kwenye mikataba ya miezi mingi, mbali na watoto wao. Wengi wetu tuna mjomba au babu aliyekula chumvi ya bahari hivyo hivyo.)

Sasa hiyo Roma yenyewe. Meli haifiki Roma. Inafunga gati Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka mjini. Tukaingia kwenye basi saa mbili asubuhi, tukafika karibu saa nne, na saa kumi jioni tunatakiwa tuwe tumerudi kwenye viti. Colosseum tuliiona kwa nje. Pizza tulikula tumesimama. Mume wangu akanunua sumaku ya friji, basi, hiyo ndiyo Roma yetu. Florence vilevile, maana meli inakuacha Livorno.

Mwaka uliofuata tukarudi kwa miguu yetu wenyewe: siku nne Roma, tatu Florence, na treni ya kasi katikati, kama saa moja na nusu. Ndege, vyumba, chakula, kila kitu hakikufika 2,000. Tulilala mchana. Tulipotea njia tukakuta duka la mzee anayetengeneza viatu. Kwa hiyo kama wewe una miaka 30 na kitu, magoti mazima, na unakwenda nchi ambayo chakula cha mtaani ni rahisi, mimi bado nasema shuka nchi kavu. Ukiona bei ya usiku mmoja melini, igawe kwa saa utakazokanyaga ardhi, ndipo utajua unanunua nini.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo nilimpigia na mama. Anatimiza miaka 70, tupo wanne tunachanga, na yeye amesema wazi anataka meli. Mimi nikawaambia wenzangu: ya nini? Tukodi nyumba Hispania, yenye bwawa, sote tuwe pamoja na watoto, bei nusu. Nilijiona nina akili sana.

Dada yangu akaniuliza swali moja tu: "Nani atapika?"

Nikanyamaza. Nilikumbuka Cornwall. Tulikodi nyumba, watu 11, tukaiita likizo ya mama. Mama alikuja na sufuria lake kubwa kutoka nyumbani, makopo ya tui la nazi kwenye begi, na mchele kilo kumi kwa sababu "hawa wa huku mchele wao sijui". Siku tano alikuwa jikoni. Bahari aliiona kupitia dirisha la juu ya sinki. Sisi picha tulipiga nzuri sana, na ukizitazama leo mama yumo kwenye moja, ameshika mwiko.

Ile bei nusu niliyokuwa najivunia, nusu nyingine alikuwa analipa yeye.

Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi, na safari hii namba zinasema kingine. Tumechagua Norwei, kutoka Southampton. Hakuna ndege, hakuna kukimbia na mabegi. Norwei nchi kavu ni ghali kwelikweli, chakula cha mgahawani kinauma, kwa hiyo chakula cha melini hapo kina thamani ambayo Hispania hakina. Na milima yenyewe anaiona akiwa amekaa. Magoti yake hayahitaji kupanda basi la saa mbili. Jambo jingine ambalo hatulisemi: tiketi inauzwa rahisi kwa sababu meli inategemea baa, kasino na matembezi ya kulipia. Bibi wa miaka 70 anayeswali swala tano na kunywa chai ni hasara kwao. Waache wapate hasara.

Mitego ipo. Akilala peke yake chumbani atalipa karibu nauli ya watu wawili, kwa hiyo dada anaenda naye. Kuhusu nyama ya halali, uliza kabla ya kulipa, na upate jibu kwa maandishi. Ukiambiwa "usijali" kwenye simu, jali.

Kaka yangu mkubwa bado hajatuma mchango wake, na anajua namsema yeye. Mama naye ameshauliza kama wataruhusu mtu aingie jikoni kwao, mara moja tu, aone wanavyopika wali.