Bega likichanika, tuulize kabla ya kuuza ng'ombe



Ndugu wasomaji, katika familia nyingi za mkoa wetu wa Singida yumo mama au mzee asiyeweza kuchana nywele wala kunyanyua ndoo ya maji mpaka kichwani. Akiulizwa hujibu, "Ni bega tu." Wengine husema ni baridi, wengine uzee, na wapo wanaonong'ona kwamba ametupiwa kitu. Akifika hospitali huambiwa kano zimekatika, na huenda akahitaji upasuaji. Hapo ndugu huitana, na ng'ombe huanza kuhesabiwa.

Sina nia ya kuwatisha watu na upasuaji, la hasha. Maoni yangu ni haya: upasuaji wa gharama kubwa zaidi si lazima uwe bora zaidi, na hata ulio bora utaharibika ikiwa nyumbani hakuna wa kuipokea kazi ya mgonjwa.

Lilianzaje?

Bega ni mfano wa chungwa lililoegemezwa kwenye kisahani. Lisingetulia bila kano nne zinazotoka kwenye fupa la bega na kukishika kichwa cha mfupa wa mkono. Kwa miaka mingi ya kulima kwa jembe, kutwanga, kuvuta maji kisimani na kupakia magunia ya vitunguu, kano hizo huchakaa uzi baada ya uzi, kama kamba ya kisima. Nyingine hukatika ghafla mtu anapoanguka na baiskeli au pikipiki. Zikikatika mbili au zaidi, mpasuko huo ni mkubwa. Ukiachwa muda mrefu, kano hurudi nyuma, misuli hunyauka na kugeuka mafuta, na hapo hata daktari hodari hapati pa kushonea.

Basi, aliyekuwa mzima, akaanguka leo na kesho hawezi kuinua mkono, asikae miezi akikandwa na kuchuliwa. Aende hospitali wiki hiyo hiyo. Wala asiridhike akiambiwa kuwa eksirei imeonyesha mifupa mizima, kwa maana eksirei haionyeshi kano. Kano huonekana kwa altrasaundi au kwa kipimo cha emarai.

Yule ambaye bega lilimchakaa polepole anayo nafasi ya kujaribu mazoezi kwanza, kwa miezi mitatu hivi. Nchini Marekani walifuatiliwa watu zaidi ya 400 waliochanika kano bila ajali. Taarifa ya mwaka 2013 ilisema kwamba baada ya miaka miwili, karibu watatu katika kila wanne hawakuwa wamehitaji kupasuliwa. Ni kweli kwamba si wote walikuwa na mpasuko mkubwa. Hata hivyo, mzee mwenye mpasuko mkubwa naye huweza kusaidiwa na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya bega.

Njia za upasuaji

Mazoezi yakishindwa, zipo njia kadhaa. Ya kwanza ni kusafisha. Daktari hupitisha kamera kwenye matundu madogo na kuondoa nyuzi zilizochakaa. Maumivu huweza kupungua na mgonjwa hurudi nyumbani mapema, lakini nguvu iliyopotea hairudi.

Ya pili ni kushona kano kwenye mfupa, nayo yafaa pale kano inapoweza bado kuvutwa. Watu huuliza: kwa matundu au kwa kupasua wazi? Huko Uingereza njia hizo mbili zililinganishwa kwa wagonjwa 273. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa baada ya miaka miwili nafuu yao ilikuwa sawa. Tena katika njia zote mbili, si wachache ambao kano zao zilikutwa hazikushika. Kwa hiyo asiyepata daktari wa matundu asijione ameonewa.

Ya tatu ni kuhamisha kano ya msuli mwingine, kwa mfano wa mgongoni, ili ifanye kazi ya ile iliyokufa. Hufikiriwa zaidi kwa mtu ambaye bado ana nguvu za kazi na kiungo chake hakijalika. Avumilie mazoezi ya miezi mingi.

Ya nne ni bega bandia la kugeuzwa, lililobuniwa na daktari Paul Grammont wa Ufaransa katika miaka ya 1980. Mpira huwekwa mahali pa kisahani, na kisahani mahali pa mpira, hivyo mkono huinuliwa na msuli mkubwa wa bega bila kutegemea kano. Kwa mzee wa miaka 70 ambaye kiungo chake kimelika, ni msaada mkubwa. Kwa mbeba magunia wa miaka 45 si la kukimbilia, maana bandia nayo huchakaa.

Lilikuwepo pia puto la kuwekwa begani, lililosifiwa sana. Mwaka 2022 yalitoka Uingereza matokeo ya wagonjwa 117: waliosafishwa tu walipata nafuu kuliko waliosafishwa na kuongezewa puto. Somo ndilo hilo. Kipya si lazima kiwe bora.

Tuanzie karibu, kwa mfano Itigi kwa Mtakatifu Gaspari, Makiungu, au hospitali ya mkoa. Wakiona haja watatuandikia rufaa kwenda Dodoma, Moshi, Mwanza au Muhimbili. Tusione haya kumwuliza daktari: Je, kano bado inashoneka? Nisipopasuliwa itakuwaje? Bima italipa nini? Nani atanisimamia mazoezi nikirudi kijijini?

Nani atachota maji?

Hapa ndipo penye shida yetu. Kano iliyoshonwa hutaka mkono ufungwe kitambaa kwa wiki 4 hadi 6, usibebe mzigo kwa miezi 3, wala usishike jembe kwa miezi 6 hivi. Kwa mpasuko wa siku nyingi usio na haraka, yafaa kupanga upasuaji baada ya mavuno, ili mvua za Desemba zimkute mgonjwa amepona.

Lakini mara ngapi mama amerudi kutoka hospitali, na kabla ya mwezi kwisha yuko kisimani? Mume husema hiyo ni kazi ya wanawake, na vijana wa kiume hukaa kimya. Nyuzi zikikatika, ng'ombe amekwenda na bega limebaki vile vile. Tusimlaumu daktari.

Kila Kwaresima, kwenye kituo cha tano, tunamtazama Simoni wa Kirene akipokea mzigo wa mwingine. Baba anayechukua ndoo kwa miezi mitatu hajapunguziwa heshima yake. Na Jumuiya Ndogo Ndogo, pamoja na kupeleka sala na sukari kwa mgonjwa, zipange zamu ya maji na kuni. Familia isiyoweza kuahidi hayo ingoje kwanza, isiuze ng'ombe.