Karatasi ya ekografi na telefone

Juma lililopita mwenzetu mmoja wa Katuba alikuja na telefone mkononi, macho mekundu. Alikuwa amepiga picha ripoti yake ya ekografi, ya Kifaransa, akaomba programu ya akili ya mashine imchagulie mambo makubwa na kuyapanga kwa jedwali. Jedwali likatoka zuri sana, na ndani yake: SA 37. Mtoto yuko mlangoni, na hata nguo zake hazijanunuliwa!

Tukafungua karatasi yenyewe. Pale ilipokunjwa paliandikwa 31.

Programu hizi zinasaidia kweli. Daktari anaandika maneno mfululizo. Zenyewe zinachomoa tarehe, vipimo, mahali kondo la nyuma lilipo. Lakini zikikuta namba haisomeki zinaweza kuweka nyingine bila haya. Zinaweza pia kuangusha "pas de" mbele ya "placenta praevia", na mama asiye na shida akalia usiku kucha.

Shika kalamu, linganisha kila mstari na karatasi. SA ni majuma tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu mimba kuingia (hapa wengi tunakosea). DPA ni tarehe ya kuzaa inayotazamiwa. OMS inashauri ekografi moja kabla ya juma la 24, maana ya mapema ndiyo inayokisia vizuri umri wa mimba. Funika jina lako kabla ya kupiga picha. Na karatasi usiitupe, mkunga ataiomba.