Kiwanja Kisicho na Mnara Hakitaki Ukimya

Kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea ndege hakina msimamizi. Marubani wenyewe, katika masafa yale yale ya redio, hutangaziana mahali walipo na njia watakayotumia. Nasi tunavyo viwanja vya namba hiyo mbugani, hivyo msomaji asidhani kwamba nitakayoeleza ni habari ya ng'ambo tu.

Jioni ya tarehe 19 Novemba, 1996, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900, iliyotoka Burlington, ilikuwa ikikaribia kutua Quincy, katika jimbo la Illinois, Marekani. Ilikuja kwa njia namba 13. Kwenye njia namba 04, inayokatana na hiyo, ilisimama ndege aina ya King Air, na nyuma yake Cherokee ikingoja zamu. Marubani wa ndege ya abiria waliuliza waziwazi: ndege iliyoko njia ya 04 itangoja au itaruka? King Air haikujibu. Aliyejibu ni rubani wa Cherokee, akisema kwamba anangoja, na katikati ya maneno yake chombo cha tahadhari ndani ya ndege ya abiria kikapiga kelele. Waliouliza wakadhani wamejibiwa na King Air. Wakashukuru, wakatua.

King Air ikaanza mbio za kuruka. Zikagongana penye makutano. Abiria walinusurika katika mgongano wenyewe, lakini mlango haukufunguka, na moto ukawawahi. Watu wote 14 wa ndege hizo mbili walikufa.

Wachunguzi waliwatia hatiani waliokuwa katika King Air, kwa kutosikiliza redio ipasavyo na kutoangalia pande zote. Sina ubishi. Lakini shukrani ile ilitolewa redioni, na aliyejua kuwa siye aliyeulizwa hakusahihisha. Neno moja tu lingetosha!

Sheria ya Marekani haimlazimishi kila rubani kutumia redio katika viwanja hivyo. Kwa kiwanja cha shambani, sawa. Lakini anapotua abiria aliyelipa nauli, hapana budi kutangaza kuwe amri, si adabu: kila ndege itaje jina lake na njia yake kabla ya kuruka, na anayekaribia kutua, asipojibiwa na yule yule aliyemwuliza, apae tena azunguke.