Nani Aliandika Kabila Kwenye Kadi?



Mwezi wa Aprili uliopita gazeti moja lilizunguka katika karakana, likisomwa kwa zamu wakati wa chai kama ilivyo desturi yetu. Mlikuwa na habari za kuwakumbuka watu waliouawa Rwanda mwaka 1994. Mwandishi alisema kwamba mambo yale yalikuwa ugomvi wa kikabila wa tangu zamani, basi, akaishia hapo. Wengine wakatikisa vichwa, wakafunua ukurasa wa mpira. Lakini sisi tunaotoka Homa Bay na Migori tuliona kwamba neno lile halifai kupita bila kuulizwa, na ndiyo maana tumeomba nafasi katika kurasa hizi.

Labda mtu atauliza, Rwanda inatuhusu nini sisi watu wa reli wa Kenya? Inatuhusu sana. Mto Kagera unatoka huko, unapita mipakani mwa Tanzania na Uganda, na maji yake yanaingia katika ziwa hili hili linalotulisha. Mwaka 1994 mto ule ulileta maiti kwa maelfu, wengine wamefungwa mikono. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda ndio waliowatoa majini na kuwazika. Kasensero, Lambu na Ggolo yako makaburi yao mpaka leo, na waliolala humo ni zaidi ya 10,000. Huko Uganda watu waliogopa kula samaki, na hata upande wetu wazee wanasimulia jinsi mnunuzi alivyomtazama mbuta mara mbili kabla ya kutoa pesa yake. Basi asituambie mtu kwamba hayo ni mambo ya mbali.

Sasa tulitazame lile neno "kikabila". Wahutu na Watutsi walikuwa wanasema lugha moja, wakimwomba Mungu mmoja, wakikaa kilima kimoja, na kuoana pia. Tofauti zilikuwako, hatukatai, na wafalme wa zamani hawakuwa malaika. Lakini Wabelgiji walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliifanya tofauti ile kuwa sheria. Waliwaondoa machifu Wahutu, wakawapa Watutsi vyeo na nafasi za shule. Tena katika miaka ya 1933 na 1934 waliwahesabu watu wote na kumpa kila mtu mzima kadi iliyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Baadaye, Watutsi walipoanza kudai uhuru, Wabelgiji hao hao waligeuka, wakawaunga mkono Wahutu kuanzia mwaka 1959. Nchi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, bwana akaenda zake, lakini kadi ilibaki. Mwaka 1994 ndiyo iliyoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mwenye kadi ya Mtutsi hakupita.

Sisi wa reli tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Babu zetu waliotandika mataruma walivaa kipande shingoni ndani ya kisanduku cha chuma, tangu mwaka 1920 hivi mpaka ilipofutwa sheria yake baada ya vita vya Hitler. Mlikuwa na alama za vidole, jina la bwana wake, mshahara wake, na kabila lake. Mtu aliyekwisha kuandikwa hivyo ni rahisi kumpanga, na ni rahisi kumtenga na mwenziwe wakati wa mgomo. Nao watu wa Migori wanajua habari za mistari ya Wazungu. Mkuria wa Isebania na Mkuria wa Sirare ni ndugu, lakini Mwingereza na Mjerumani walipita katikati yao na rula.

Haya tuyaseme bila kuwaondolea wauaji lawama. Mbelgiji hakushika panga mwaka 1994. Redio ile ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwezi Julai 1993, ilikuwa mali ya Wanyarwanda wenyewe, wenye elimu na pesa. Ilikuwa inapiga muziki mzuri na mizaha, vijana wakaipenda, kisha ikaanza kuwaita watu mende na kutaja majina na mahali walipojificha. Lakini katika watangazaji wake alikuwamo Mbelgiji mmoja, Georges Ruggiu. Na alikamatwa wapi? Mombasa, Julai 1997! Mwezi ule ule walikamatwa Kenya Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali ya mauaji, na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura. Walikuwa wakikaa kwetu, wakipanda matatu zetu huenda, na magazeti yetu hayakuwa yakituambia. Ruggiu alikiri makosa, akafungwa miaka 12. Ngeze na wenzake wawili wa redio na gazeti walihukumiwa Arusha mwaka 2003.

Na magazeti ya Ulaya na Marekani je? Ndege ya Rais Habyarimana ilianguka tarehe 6 Aprili 1994. Katika siku za kwanza picha zilikuwa za Wazungu wakipandishwa ndege kwenda kwao. Walipokwisha kuondoka, kamera nyingi zikaondoka nao, na waandishi wengine wengi walikuwa Afrika Kusini kwa uchaguzi wa Mandela. Waliobaki walikuwa wachache mno. Tarehe 21 Aprili Umoja wa Mataifa ukapunguza askari wake kutoka kama 2,500 hadi 270. Serikali ya Marekani ilikwepa kutamka neno mauaji ya kimbari, maana ukilitamka unapaswa kufanya kitu. Hapo neno "kikabila" liliwafaa sana. Ugomvi wa kikabila hauna mkosaji, ni kama mvua ya mawe.

Kamera zilirudi kwa wingi mwezi Julai, watu kama milioni moja walipokimbilia Goma na kipindupindu kikawaua. Dunia ikalia. Wengi waliotazama walidhani kwamba hao ndio waliochinjwa, kumbe kati yao walikuwamo wachinjaji na viongozi wao, wakila chakula cha msaada.

Waziri Mkuu wa Ubelgiji alikwenda Kigali mwaka 2000 akaomba radhi. Ufaransa, iliyoipa serikali ya Habyarimana silaha na walimu wa jeshi, ilingoja mpaka mwaka 2021 ndipo tume yake yenyewe ikasema kwamba ilikuwa na mzigo mzito wa lawama. Miaka 27! Karani wa stesheni akichelewesha hesabu siku mbili anaandikiwa barua.

Tena tusisahau ya kwetu. Januari 2008 reli iling'olewa Kibera, treni za Uganda zikasimama, na watu zaidi ya 1,100 wakafa nchini kabla ya mapatano. Magazeti ya nje yaliandika tena lile lile, makabila, makabila. Habari za kura, za mashamba yaliyogawanywa vibaya tangu enzi ya ukoloni, na za vijana wasio na kazi waliolipwa wakachome nyumba, ziliwekwa ukurasa wa ndani.

Tumekwisha kumwandikia mhariri wa gazeti lile. Hatukumtukana. Tumemwuliza maswali matatu: kadi zile zilichapwa na nani, askari wa Umoja wa Mataifa waliondolewa na nani, na kwa nini mwandishi wake hakumwuliza hata mvuvi mmoja wa ziwa hili. Barua iko kwa katibu wa tawi, na yeyote anayetaka kutia sahihi apite kabla ya Ijumaa jioni. Wenzetu wa magenge ya njia walio mbali wampe nyapara majina yao, atayaleta na treni ya mizigo.