Tusiiuze Mvara kwa Bei ya Mara Moja

Tangu Arua ipandishwe kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, tumeshikwa na ugonjwa wa kuhesabu ghorofa. Darasani, kijiweni kwa waendesha boda boda, hata nje ya kanisa baada ya ibada, utasikia watu wakibishana ni jengo gani limezidi jingine kwa orofa moja. Anayejenga anasifiwa, asiyejenga anaitwa mshamba. Mimi sipingi ghorofa. Ninapinga namna tunavyozipata, na nasema wazi kwamba sisi wa Mvara tunapunjwa huku tukipiga makofi.

Mambo huenda hivi. Dalali huja kwa familia yenye ardhi ya kimila kando ya barabara. Huongea na wanaume wawili watatu chini ya mwembe, fedha zikahesabiwa, karatasi moja ikaandikwa, mwenyekiti wa LC akagonga muhuri. Baada ya miaka miwili jengo limesimama. Familia imelipa karo, imenunua pikipiki, imeezeka nyumba mbali huko ambako ardhi bado ni rahisi, na fedha zimekwisha. Kijana wa ukoo akirudi pale, anarudi kama mlinzi wa geti. Nimeliona hili kwa jirani zetu. Mama aliyekuwa akipanda mihogo kwenye kiwanja kile hakuulizwa neno, ingawa Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake ya 2004, inakataza mume kuuza ardhi ya familia bila idhini ya mkewe.

Sasa, kuna sheria nyingine ambayo nashangaa hatuisikii ikitajwa na wanaotuhubiria maendeleo. Uganda ina Sheria ya Kondominiamu tangu 2001. Kenya ilikuwa na ya kwake tangu 1987, ikaibadilisha 2020. Tanzania ilitunga yake 2008. Inaruhusu jengo moja ligawanywe katika nyumba nyingi, na kila nyumba iwe na hati yake. Ngazi, paa, ua na kuta za nje hubaki mali ya wote, na wenye nyumba wote huwa chombo kimoja kisheria kinachosimamia mali hiyo na kukusanya michango ya matengenezo.

Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Familia ina kiwanja, mjenzi ana fedha. Anajenga orofa tano zenye nyumba nne kila moja, jumla 20. Badala ya kuuza kiwanja, familia inakubaliana kupata nyumba tano kwa hati. Mjenzi anauza 15 zilizobaki na kupata faida yake. Watoto wanakaa katika moja, nne zinapangishwa, na kodi inaingia kila mwezi, mwaka huu na mwaka ambao wajukuu watakuwa chuoni. Ukoo haujaondoka Mvara. Umepanda juu tu.

Wapo watakaosema ahadi kama hizo tumezisikia. Ni kweli, na mfano mbaya kabisa uko Kampala. Mwaka 2011 wapangaji wa nyumba za serikali za Nakawa na Naguru, familia zaidi ya 1,700, waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili pajengwe mji wa kisasa. Waliahidiwa kupewa nafasi ya kwanza katika nyumba mpya. Miaka kumi baadaye mji ule haukuwapo, na vipande vya ardhi ile vilikuwa vikigawiwa wawekezaji wengine mpaka Bunge likaingilia kuchunguza. Lakini watu wa Nakawa walikuwa wapangaji. Hawakuwa na ardhi ya kuwekea masharti. Familia ya Mvara inayo, ila inaiachia kabla ya kuweka sharti lolote. Mkataba wa kubadilishana ardhi kwa nyumba usainiwe kwa wakili kabla ya tofali la kwanza, na hati ya kiwanja isihamishwe kwa mjenzi kwa sababu tu amenunua saruji.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba ardhi ya kimila haina hati, na bila hati kondominiamu haisajiliwi. Sheria ya Ardhi inaruhusu umiliki wa kimila ugeuzwe kuwa umiliki huru, lakini njia ni ndefu: kamati ya ardhi, upimaji, mipaka, na ugomvi wa ndugu waliokuwa kimya miaka ishirini. Siwezi kusema ni rahisi. Nasema mnunuzi naye hupita njia hiyohiyo akishanunua, na yeye haoni ni ndefu.

Kuhusu maji na umeme nitasema kwa kifupi. Nile Magharibi iliunganishwa na gridi ya taifa 2024 tu, na maji yetu ya bomba hutoka mto Enyau, ambao kiangazi sote tunaujua. Anayetaka kujenga orofa nane aonyeshe tenki, pampu na mahali maji taka yatakapokwenda, kwa sababu ghorofa likikosa maji, wakazi wake watashuka na madumu kupanga foleni kwenye visima vyetu.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni la lugha, na hapa nawageukia ninyi wenzangu na walimu wetu. Sheria hizi zote ziko kwa Kiingereza. Wazee wengi wa hapa hawakisomi, lakini Kiswahili wanakijua, wamekipata jeshini, sokoni na katika biashara ya kuvuka mpaka kwenda Kongo. Baraza la Mawaziri lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022 tulishangilia sana. Tumeandika insha ngapi tangu hapo kuhusu umuhimu wa Kiswahili? Na ni nani kati yetu amemfasiria mzee mmoja karatasi anayowekewa mbele atie dole gumba?

Nimeanza na vifungu vya mali ya pamoja na vya idhini ya mke, na fomu ya kuomba cheti cha umiliki wa kimila. Nahitaji wenzangu wanne, na angalau mmoja awe anaandika Kilugbara vizuri. Tunakutana Jumamosi alasiri, chumba cha mwisho karibu na maktaba.