Tusiache Kizingiti Kiwaangushe Wazee Wetu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tuzungumzie sakafu. Huenda wengine watauliza, sakafu na afya vinahusiana vipi? Tunajibu kwa habari za bibi mmoja tunayemfahamu.

Bibi huyo alikuwa akitembea kwa mkongojo baada ya kupata kiharusi. Alikula vizuri, na dawa zake alimeza kila siku, lakini alizidi kudhoofika na mkojo ukawa unamchoma. Alipoulizwa kwa upole alieleza kwamba ikifika saa kumi jioni hanywi maji tena. Akinywa, usiku atalazimika kwenda chooni, na mlangoni pa chumba chake pana kizingiti. Kizingiti chenyewe kilikuwa na kimo cha sentimita 7 tu. Wanawe na wajukuu walikivuka kila siku bila hata kukiona.

Ndivyo ilivyo katika nyumba zetu nyingi. Mlango wa nje umewekewa kizingiti ili maji ya mvua yasiingie. Chumba kiliongezwa miaka kadhaa baadaye, na fundi hakulinganisha sakafu. Sebule imewekwa vigae juu ya saruji ya zamani, ikawa juu kuliko korido. Bafu limeshushwa ili maji yasitoke. Kwa kijana mwenye nguvu, tofauti hizo si kitu. Kwa mzee anayeburuta miguu na mwenye mtoto wa jicho, kimo cha sentimita 2 au 3 ni hatari kweli, maana hakionekani vizuri na mguu haujiandai kukipanda.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na vifo vilivyo vingi ni vya watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi huhitaji upasuaji. Akilala kitandani muda mrefu hupata vidonda vya mgongoni na makalioni, nimonia, au damu kuganda miguuni. Wengi hawarudi tena kutembea kama zamani. Kwa hiyo tunasema wazi: kusawazisha sakafu ni kazi ya afya, sawa na kutundika chandarua.

Nchini Tanzania tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike kwa wote. Ni jambo jema. Lakini hakuna mkaguzi atakayekuja kupima kizingiti cha chumba cha bibi. Hiyo ni kazi yetu sisi wenye nyumba.

Tuanzie wapi? Kwanza tumuulize mwenye shida mwenyewe. Si kila mtu anahitaji mteremko. Anayetumia kiti cha magurudumu hana njia nyingine, kwani magurudumu madogo ya mbele hukwama kwenye kizingiti na yeye kurushwa mbele. Lakini yupo mzee anayetembea kwa fimbo ambaye ngazi moja pana, yenye mahali pa kushika, inamfaa kuliko mteremko mkali.

Pili, tujiulize kizingiti kinafanya kazi gani. Kama kipo ndani ya nyumba, kati ya sakafu mbili zilizo sawa, hakizuii mvua wala chochote. Basi kivunjwe! Mteremko hapo ungekuwa wa kupanda na kushuka, pande zote mbili, nao ungejaza njia. Mteremko tuuweke pale ambapo sakafu zenyewe zinapishana kimo, au kizingiti kinazuia maji kweli.

Tatu, tupime kabla ya kununua au kumwita fundi. Kipimo kinachokubalika ni hiki: kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kimo cha sentimita 5 kinahitaji sentimita 60. Kimo cha sentimita 10 kinahitaji sentimita 120. Penye nafasi finyu katika nyumba ya zamani, na kimo kisizidi sentimita 7.5, sentimita 8 kwa kila sentimita 1 huvumilika. Zaidi ya hapo tunatengeneza mtelezo. Tumeona miteremko iliyojengwa kwa nia njema, mifupi na mikali, ambayo mzee hawezi kuipanda peke yake na akishuka inamsukuma. Afadhali ngazi kuliko mteremko wa namna hiyo.

Upana uwe angalau sentimita 90. Mlango usifungukie juu ya mteremko, na kwa mlango wa nje pawe na mahali tambarare pa meta 1 na nusu ambapo kiti kinaweza kusimama mtu akifungua mlango.

Nne, tuchague kitu cha kujengea kwa akili. Saruji hudumu, lakini fundi agonge kwanza sakafu ya zamani ili mpya ishike, tena achimbe kidogo pale mteremko unapoishia, kwa kuwa saruji nyembamba kama karatasi hubanduka na kuacha ukingo mpya wa kujikwaa. Asipige niru ya kung'aa. Apitishe ufagio kabla haijakauka ili juu pakwaruze. Ubao ni rahisi na huweza kuondolewa, ila huliwa na mchwa, huteleza ukilowa, na lazima ufungwe usisogee. Chuma hubeba uzito mkubwa lakini hupata kutu. Vipande vya mpira vinafaa kwa kimo kidogo, mradi visitembee juu ya vigae. Mkeka au zulia lisitandikwe juu ya mteremko hata siku moja. Mwanzo na mwisho wake tupake mstari wa rangi nyeupe au njano ili macho hafifu yauone.

Tunajua majibu tutakayopewa. Wengine watasema mteremko unaharibu sura ya nyumba. Nyumba ni ya nani, kama mmoja wa wenye nyumba hawezi kutoka nje? Wengine watasema, "Tutambeba." Ni upendo, lakini mtu mzima kusubiri abebwe kwenda chooni ni fedheha anayoimeza kimyakimya, na wanaombeba, mara nyingi akina mama na mabinti, huumia migongo. Wengine watasema fedha hakuna. Kuvunja kizingiti na kuziba kwa saruji ni gharama ndogo sana ukilinganisha na nauli, upasuaji na miezi ya kuuguza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule bibi hakuhitaji mteremko wowote. Sakafu za pande zote mbili zilikuwa sawa. Fundi alikivunja kizingiti asubuhi moja, akaziba kwa saruji, akaongeza kipande cha ubao chini ya mlango kuziba nafasi iliyobaki. Siku hizi bibi anakunywa maji yake jioni, na usiku anakwenda chooni bila kumwamsha mtu.

Tunawaomba basi, jioni ya leo, mpite nyumbani mwenu na rula ya mwanafunzi mkononi. Pimeni kila mlango, kuanzia kitanda cha mzee hadi chooni, na kutoka chooni hadi barazani. Kisha mwulizeni mzee mwenyewe ni wapi panapomwogopesha. Huenda amekuwa akingoja siku nyingi kuulizwa.