Hospitali ya mkoa ipimwe kwa zamu ya usiku

MIZANI YA WIKI
Na Salma Kibwana

Hospitali ya rufaa ya mkoa inapozindua jengo jipya, wananchi huelezwa limegharimu shilingi ngapi, lina vitanda vingapi na limefungwa mashine gani. Ni habari njema na tuna haki ya kuzifurahia. Lakini mara chache sana mgeni rasmi husema ni wakunga wangapi watakaokuwa wodi ya wazazi saa nane za usiku, nani atakuwa na ufunguo wa chumba cha damu, na mtoa dawa ya usingizi atafikaje akiitwa. Nashikilia kwamba maswali hayo matatu yanatueleza hospitali kuliko jengo lake. Mgonjwa hupona au hufa kutokana na jinsi kazi ya watumishi wa kila siku, hasa wauguzi na wakunga, ilivyopangwa katika saa ambazo viongozi wamelala. Huko ndiko fedha na usimamizi vinakopaswa kuelekezwa sasa.

Nasema sasa kwa sababu hatua ya majengo imepigwa, tena kubwa. Mwaka 2017 hospitali za rufaa za mikoa, ambazo leo ni 28 Tanzania Bara, zilitolewa TAMISEMI zikawekwa chini ya Wizara ya Afya ili zisimamiwe kama kiungo cha kweli kati ya hospitali za wilaya na zile za kanda. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliopatikana mwaka 2021 kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19 uliziletea mashine za CT scan, majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi. Na utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali ule wa 2015/16 ulikuwa umekadiria 556. Anayesema hakuna kilichofanyika hasemi kweli. Ninachouliza ni kitu gani kitazishusha namba hizo zaidi, na jibu langu silipati kwenye ramani za wahandisi.

Chukua mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua. Ana saa chache tu za kuokolewa, wakati mwingine hazizidi mbili. Wa kwanza kugundua ni mkunga aliyemzalisha, naye atagundua mapema au atachelewa kutegemea ni wanawake wangapi wengine wana uchungu mbele yake usiku huo. Oksitosini anayomchoma inapaswa kuwa imetunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kama jokofu lilizimika mchana na hakuna aliyesoma kipimajoto chake, sindano itaingia na mji wa mimba usikaze inavyotakiwa. Mtaalamu wa maabara anatakiwa awepo kupima kundi la damu na kuoanisha. Mhudumu anatakiwa kukimbia na sampuli na kurudi na chupa. Daktari wa zamu anatakiwa kujua nani wa kumwamsha, na mtoa dawa ya usingizi awe anafikika, maana bila yeye upasuaji hauanzi hata kama bingwa ameshavaa glovu. Fundi wa vifaa tiba hayupo saa hiyo, lakini kazi aliyoifanya wiki iliyopita ndiyo itakayoiwezesha mashine ya kufyonza kuwaka. Hata karani wa dirisha la malipo yumo. Sera inasema huduma za mjamzito hazilipiwi, na asipoielewa vizuri atamtuma ndugu kutafuta hela wakati dakika zinakwenda. Kisha inafika asubuhi, zamu inabadilishana na zamu, na jambo lolote ambalo halikusemwa wala kuandikwa katika makabidhiano ni kama halikutokea. Mtu mmoja akikosekana katika mfululizo huo, ustadi wa wengine wote unaweza kupotea bure, na CT scan iliyo jengo la pili haina la kusaidia.

Tuna ushahidi wa nyumbani kuhusu hili, na nasikitika kwamba hautajwi inavyostahili. Katikati ya miaka ya 1980, nchi ikiwa katika uhaba mkubwa, vifo vya akina mama katika hospitali ya mkoa wa Kigoma vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walipitia vifo hivyo wakitafuta palipoharibika, na mwaka 1987 wakaanza mpango wa hatua 22. Hapakuwa na jengo jipya la fahari wala fedha nyingi za wafadhili. Walifufua vifaa vilivyokuwa vimetupwa, wakatengeneza chumba cha upasuaji, wakaweka utaratibu wa damu, wakabainisha wajibu wa kila mtumishi, wakawa wanajadili vifo na kupima utendaji mara kwa mara, na wakatumia vilivyopatikana pale pale Kigoma. Kufikia 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186. Mbaruku na Staffan Bergström wa Sweden waliyachapisha matokeo hayo mwaka 1995. Kila ninapoisoma taarifa hiyo najiuliza kwa nini si somo la lazima kwa kila mganga mfawidhi anayeteuliwa nchini.

Msomaji makini atasema hospitali moja haitoshi kuthibitisha, na kwamba takwimu za hospitali hubadilika pia kulingana na wagonjwa wanaoifikia. Ni kweli, na Kigoma ikisimama peke yake ningeiegemea kwa tahadhari. Lakini haisimami peke yake. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa. Darasani walifaulu vizuri, ila wodini watafiti hawakuona mabadiliko. Hospitali ikabadili njia: mazoezi mafupi ya mara kwa mara, kwa kutumia mdoli, palepale kazini, ndani ya zamu. Hapo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikaanza kushuka. Wazo hilo likapanuliwa hadi vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, likahusisha akina mama na watoto wanaokaribia jozi 300,000, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa takriban asilimia 40 na vya akina mama kwa takriban asilimia 75. Waliofanya kazi hiyo ni wakunga wetu wa kila siku, waliopewa nafasi ya kuurudia ujuzi wao hadi mikono ikazoea.

Kuna ushahidi mwingine unaogusa mamlaka ya mtumishi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, nyingi zikiwa za ngazi ya mkoa na wilaya. Chini ya mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida iliwekwa shuka ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho. Ikifika kiwango kilichowekwa, mkunga alianza hatua zote kwa pamoja: kuukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipa, na uchunguzi wa chanzo, huku akiita msaada. Palipotumika utaratibu huo, uvujaji uligunduliwa kwa asilimia 93 ya akina mama waliohusika. Katika hospitali ambako haukutumika, uligunduliwa kwa asilimia 51 tu. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zote zilikuwa zinajulikana tangu zamani. Kilichoongezeka ni kipimo cha uhakika na ruhusa ya mkunga kuanza tiba bila kusubiri mwenye cheo kikubwa zaidi. Wanaohofia kuwapa madaraka wasio madaktari wakumbuke pia kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu upasuaji wa uzazi mikoani Kigoma na Mwanza, uliofanywa kwa sehemu kubwa na madaktari wasaidizi, haukukuta tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari.

Simaanishi kwamba bingwa hahitajiki. Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka kwenye halmashauri tangu 2024 zimewafikia watu ambao wasingemwona bingwa maisha yao yote. Ila bingwa wa upasuaji hufanya kazi yake kwa saa mbili, kisha mgonjwa hukaa siku saba mikononi mwa muuguzi. Kidonda kikianza kuchimba, presha ikishuka, mkojo ukikoma, ni muuguzi atakayeona, au hataona kwa sababu wodi nzima inamtegemea yeye mmoja. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika nchi tisa za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huongeza kwa asilimia 7 uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Ikiwa Ulaya yenye vifaa vyote ina hali hiyo, tusidhani sisi tunaweza kujaza pengo la wauguzi kwa mashine.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Serikali itasema mishahara ni mzigo wa kila mwezi usioisha, tofauti na jengo linalolipwa mara moja, na wafadhili hupenda kugharamia kinachoonekana. Nalielewa hilo. Lakini jengo nalo lina gharama ya kila mwezi, na kubwa kuliko zote ni ya kukaa bila watu wa kuliendesha. Wizara yenyewe imekuwa ikikiri kwa miaka mingi kwamba upungufu wa watumishi wa afya ni mkubwa ukilinganishwa na ikama. Wakati huohuo vijana wenye diploma na digrii za uuguzi, maabara na famasia wako mitaani, na wengine wanafanya kazi hospitalini kwa kujitolea, zamu nzima, usiku na mchana, wakisubiri ajira ambayo hawajui itakuja lini. Hili linaniumiza. Hospitali inawategemea, ilhali hawamo kwenye hesabu zake. Hospitali nyingine huwaajiri kwa mkataba kutoka mapato ya ndani, jambo la kupongezwa, ila mapato hayo kwa sehemu kubwa hutoka mfukoni mwa mgonjwa na kwenye madai ya bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itaongeza watu kwenye foleni, maana kadi humfanya aje yule aliyekuwa akiugulia nyumbani. Bila mikono ya kumpokea, atakuwa amelipia ahadi.

Wapo pia watakaoniambia: mbona wauguzi haohao wana kauli mbaya? Malalamiko hayo ni ya kweli, na mama anayetukanwa akiwa na uchungu amekosewa vibaya sana. Uchovu hauhalalishi tusi. Mwenye tabia hiyo awajibishwe, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo kwa ajili hiyo. Lakini tutenganishe mwenye tabia mbaya na aliyeelemewa, kwa sababu adhabu inayomfaa wa kwanza haimsaidii wa pili. Aliyemaliza zamu ya saa kumi na mbili bila kukaa, ambaye posho yake ya kuitwa usiku haijalipwa, ambaye amemkosa mtoto mmoja alfajiri na hakuna aliyemuuliza anajisikiaje, hatarekebishwa na bango la ukutani lenye namba ya kutoa malalamiko. Anahitaji mwenzake wa pili kwenye zamu na kiongozi wa wodi anayemsikiliza.

Baadhi ya marekebisho hayahitaji hata bajeti mpya. Katika hospitali nyingi muuguzi huhamishwa kutoka wodi moja hadi nyingine kila baada ya muda. Mkunga aliyekwisha kuwa mahiri hupelekwa wodi ya wanaume au kliniki ya macho, na nafasi yake anapewa mtu wa kuanza upya. Desturi hiyo ikome kwa leba, wodi ya watoto wachanga na wagonjwa mahututi. Makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani kwa mgonjwa na yaandikwe. Kila kifo kijadiliwe bila kutafuta wa kumlaumu, kama walivyofanya Kigoma. Na kwenye ubao wa kila wodi ibandikwe idadi ya wagonjwa na ya wauguzi wa zamu hiyo, ili mwananchi aione na bodi ya hospitali isiweze kusema haikujua.

Kwa hiyo nawaomba waheshimiwa wabunge: bajeti ya Wizara ya Afya itakapokuja mbele yenu Dodoma, msiishie kuuliza ujenzi umefikia asilimia ngapi. Ulizeni kila hospitali ya rufaa ya mkoa ilikuwa na wakunga wangapi kwenye zamu ya usiku wa Jumapili iliyopita, wamezalisha akina mama wangapi, na wangapi kati ya wakunga hao wanalipwa mshahara. Waziri akikosa takwimu hizo, mpeni muda akazitafute, kisha mrudi kuzidai.